Banko ya mashua haina kiti tu: namna tulipanga nafasi za kukaa ku Tshangalele

Bandugu wafanyakazi, na ninyi bamama munaotusoma ku nyumba, leo hatutasema juu ya mushahara wala juu ya dekonte. Tutasema juu ya vipande vitatu vya mbao ambavyo tulibishana juu yake asubuhi yote, pale pembeni ya ziwa, watu wazima wenye mvi. Waliopita walituchekelea. Mutoto mumoja aliuliza mama yake: "Hawa babakubwa wanagombania kiti?"

Ndiyo, tulikuwa tunagombania kiti. Na tuko na sababu.

Sisi ni jamaa tisa. Wengi kati yetu tulitumika chini ya udongo, wengine ku kiwanda, na kampuni yetu ilipopunguza watu tulirudi nyumbani na karatasi mukononi. Wengine walienda kuchimba wenyewe na sururu. Wengine walilima. Wengine tulifuata samaki. Kutoka Likasi, ziwa la Tshangalele haliko mbali sana, na samaki wa kule tunamujua tangu utoto, juu alikuwa anafika ku soko kila siku. Wengi wanafikiri lile ziwa liliumbwa na Mungu pamoja na milima. Hapana. Ni maji ya muto Lufira, yaliyozuiwa na barage ya Mwadingusha, iliyojengwa na Union Minière ili kupata umeme wa viwanda. Sentrali ilianza kutumika mwaka 1930. Kwa hiyo hata lile ziwa ni mutoto wa mine, sawa vile sisi.

Maji yake hayana kina kirefu sana. Hiyo ndiyo inadanganya watu. Mutu anaona matete na mafunjo, anaona wavuvi wanasukuma mutumbwi na upondo, anasema: hapa hakuna hatari. Lakini ziwa likiwa pana na bila kina, upepo ukivuma, mawimbi yake yanakuwa mafupi na yanasimama wima, yanafuatana mbiombio. Mwaka uliopita, mwenzetu mumoja, tuliyekuwa naye ekipe moja myaka mingi, alitoka usiku na bwato ya kuazima. Ilikuwa bila banko hata moja. Alisimama kuvuta wavu, wavu ukakamata ku kisiki, na yeye na kijana aliyekuwa naye wakaegemea upande mumoja. Kijana aliogelea. Mwenzetu tulimuzika.

Mujane wake ni mumoja kati ya jamaa zetu tisa. Aliweka feza yake ndani ya mashua kama wengine wote.

Mashua ilifika bila mabanko

Tulipopata feza ya kutosha, tulienda kwa seremala mumoja muzee anayejua mashua za mbao. Alitutengenezea moja ya mulombwa, urefu meta 5 na sentimeta 55, upana wa juu meta 1 na sentimeta 25, na kina cha ndani sentimeta 55. Aliziba mianya na pamba na gudroni. Lakini alipoileta ku maji, ndani ilikuwa tupu, mbavu tu zinaonekana.

Tukamuuliza: "Baba, na mabanko?"

Akajibu: "Mabanko, mutasema benyewe. Mi siyue namna mutavua. Mutu anaweka banko kisha kuona kazi, haina mbele."

Tulishangaa kidogo, lakini alikuwa na haki. Mashua ya kuvusha watu, mashua ya kuvua na ndoano, na mashua ya kuvuta wavu, hazipangwi namna moja. Kila moja iko na mahali pake pa uzito. Basi tukachukua kipande cha makala, tukachora mashua ku udongo kwa kipimo chake kamili, na kila mutu akasimama ndani ya mchoro kuonyesha anavyotaka.

Mashauri matatu

Vijana wetu walisema: tusiweke banko, isipokuwa moja ya nyuma kwa mwenye kuongoza. Wavu utakaa popote, watu watakaa juu ya wavu ao juu ya bido, na ku soko mutajaza makaratoni ya samaki bila kitu cha kuzuia. Mbao na misumari, hata ile feza tutaokoa.

Bamama wauzaji walileta shauri ingine: mabanko mbili ndefu, moja kila upande, tangu mbele mpaka nyuma, na katikati wazi. "Samaki atakaa katikati, watu pembeni, na siku ya soko tunaweza kuingia hata bamama sita." Wamoja wetu waliona hii ni nzuri, juu inafanana na viti vya kamyoneti iliyokuwa inatupeleka ku kazi.

Shauri la tatu lilikuwa la wazee: mabanko matatu ya kukata mashua kwa upana, kama ngazi iliyolala. Vijana wakasema hiyo ni mtindo wa zamani, inakula nafasi.

Tulikaribia kupiga kura. Mu sendika tumezoea hivyo: mukono juu, tunahesabu, tunaenda. Ndipo mujane wa mwenzetu, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akauliza neno moja: "Ule mwenye kuvuta wavu, atakaa wapi?"

Hakuna aliyejibu upesi. Sisi wote tulikuwa tumepanga mashua inayotembea, hakuna aliyepanga mashua inayovuta wavu. Na pale ndipo mwenzetu alikufia.

Sakosi sita za muchanga

Tukaacha kura, tukafanya kazi ya mikono. Tulifunga mashua na kamba ku muti, mahali maji yanafika ku magoti tu, na tukajaza muchanga ndani ya sakosi za kilo 50, zile tunazozijua vizuri sana sisi wote. Tulihesabu kwamba mutu mumoja, na nguo zake na vyombo vyake, ni sakosi moja na nusu. Kwa hiyo sakosi sita ni watu wane.

Kwanza tuliziweka zote ku mustari wa katikati. Tukapima na rula tangu maji mpaka juu ya ukingo: sentimeta 36. Hapo mashua ilitulia kama meza.

Kisha tulifanya kama vile watu wane wamekaa ku banko ndefu ya upande mumoja, wote wanavuta wavu. Tukasukuma sakosi zote upande ule. Ukingo ulishuka mpaka sentimeta 12. Na hapo hakukuwa upepo, hakukuwa wimbi, wala wavu wenye kukamata ku kisiki. Wimbi la sentimeta 12, mutoto anaweza kulifanya na mukono. Bamama wenyewe, waliokuwa wanataka mabanko ndefu, walisogea nyuma.

Shida ya banko ndefu ni hii: inamukalisha mutu mbali na katikati, na inamuruhusu kuteleza. Mumoja akiita "Njoo usaidie!", wote wanakuja upande ule. Hakuna kinachowazuia.

Kisha tukajaribu shauri la vijana. Bila banko, mutu anakaa palipo wazi, na palipo wazi mara nyingi ni mbele, kule wavu unaingilia. Tukapeleka sakosi mbele. Pua ya mashua ilishuka, nyuma ikapanda, na kasia ya mwenye kuongoza ikabaki inapiga juu-juu ya maji. Kisha kijana mumoja mwepesi akaingia na kusimama, akifanya kama anavuta. Mashua iliyumba namna yeye mwenyewe alikaa chini bila kuambiwa. Uzito wa mutu aliyesimama uko juu, na ukiwa juu, kuegemea kidogo tu kunageuka kuegemea sana. Bila banko, mutu anachoka kukaa juu ya wavu uliolowa, na akichoka anasimama.

Mwisho tuliweka sakosi kama vile kuna mabanko matatu: tatu zikaegemea kushoto, kule wavu unavutwa, na tatu zingine zikakaa kulia kushindana nazo. Ukingo wa kushoto ulikuwa sentimeta 31. Ni mashua ile ile na sakosi zile zile sita.

Mutu mumoja akauliza: na maji yakiingia kidogo? Tukahesabu. Sakafu yetu ni kama meta 4 kwa sentimeta 80. Maji ya sentimeta 10 tu, hata magoti hayajalowa, ni litre 320. Litre moja ya maji ni kilo moja. Basi umepakia watu wane wengine bila kuwaona, na hawa watu hawakai ku banko: mashua ikiinama, wote wanakimbilia upande ulioinama.

Nguzo ya shimo

Seremala alikuwa amekaa chini ya muti akitutazama. Tulipomuita na kumuambia tumechagua tatu za kukata, alifurahi, kisha akatuambia kitu ambacho hatukukijua.

"Ile banko ya katikati, haina ya matako tu," alisema. "Njo inashika mbavu ya huku na mbavu ya kule. Mukitosha ile, mayi inasukuma hizi mbao ndani, na wimbi inazipindisha. Mwaka moja, mbili, misumari inalegea, gudroni inapasuka. Mutasema seremala alifanya mubaya, kumbe ni ninyi munatosha mufupa."

Sisi tuliotumika chini ya udongo, tulitazamana. Hii tunaijua. Ndani ya shimo, kuna nguzo ya mbao inayosimama katikati ya njia na kukusumbua kila siku. Unagonga bega, gari inapita kwa shida. Kila kapita mupya anaona namna njia ingepanuka kama ile nguzo haingekuwa hapo. Na kila muzee wa shimo anajua nguzo ile haiko hapo juu ya kusumbua watu. Inashikilia udongo ulio juu ya kichwa chako. Wakati hakuna kitu kinachoanguka, ndiyo inafanya kazi yake.

Tangu hapo hatukubishana tena kama banko ya katikati itawekwa. Tulibishana tu mahali pake.

Vipimo tulivyochagua

Tunaviandika hapa juu wengi wametuuliza. Ni vya mashua yetu, ya wavu, bila motere, ya watu wane.

Tangu pua mpaka banko ya mbele, tuliacha meta 1 na sentimeta 30: hapo panakaa kamba na nanga ya jiwe, hakuna mutu. Kati ya banko ya mbele na ya katikati, meta 1 na sentimeta 40: hii ndiyo nafasi ya wavu. Kati ya banko ya katikati na ya nyuma, meta 1 na sentimeta 20: nafasi ya samaki. Tangu banko ya nyuma mpaka mwisho, sentimeta 90. Kila banko iko na upana wa sentimeta 25.

Ile meta 1 na sentimeta 20 ilitoka kwa bamama. Walileta basani zao, wakazipima: sentimeta 55 kila moja. Basani mbili zinaingia zikifuatana, ku mustari wa katikati, na nafasi ya vidole inabaki. Samaki ni uzito pia. Tukimuacha amwagike sakafuni, anateleza upande ulioinama kama maji. Ndani ya basani iliyobanwa kati ya mabanko mbili, anakaa mahali pamoja. Bamama walipoona hivyo walikubali, ingawa walipoteza nafasi za abiria. Mumoja wao alisema wazi kwamba bado anaona hasara, na tuliandika neno lake ndani ya kitabu cha mukutano, juu ni haki yake.

Kimo cha mabanko kilituletea maneno. Seremala alitaka sentimeta 35, karibu na ukingo, juu hapo banko inashika mbavu vizuri zaidi. Sisi tulitaka chini, ili uzito ukae chini. Lakini chini sana, magoti ya watu walioinama myaka makumi mbili ndani ya shimo hayakunjuki tena. Tulifika ku sentimeta 25, na seremala akaongeza vipande vya mbao vilivyopinda, viwili kwa kila banko, vinavyopanda tangu banko mpaka ku ukingo na kukazwa na buloni. Hivyo mbavu zinashikwa hata juu.

Watu wanakaa hivi: mumoja mbele, wawili katikati, mumoja nyuma kuongoza. Kwa kuvuta wavu, yule wa mbele anageuka kutazama nyuma, na mumoja wa katikati anatazama mbele. Wote wawili wanavuta upande wa kushoto, wamekaa. Yule wa pili wa katikati anasogea kulia mpaka mwisho wa banko, na mwenye kuongoza anaegemea kulia. Hakuna anayesimama, isipokuwa yule wa upondo, nyuma, kwenye maji mafupi karibu na matete, na wakati ule wengine wote wamekaa. Wavu ukikamata ku kisiki, hatushindani nao. Tunasukuma mashua mpaka juu ya kisiki, tunavuta wima, ao tunakata. Wavu unashonwa tena.

Chini ya mabanko tulifunga bido tupu za litre 20, zenye vifuniko vizima, karibu na kingo, hesabu sawa kushoto na kulia. Mashua ikijaa maji, bido zinasaidia isishuke na isijigeuze upesi, na mutu anapata kitu cha kushika. Bado tunatafuta feza ya gile za kuokoa kwa wote wane. Bido haiko pahali pa gile. Na kopo la kutoa maji limefungwa na kamba ku banko ya nyuma, ili lisipotee siku linapohitajiwa.

Mwenye makala

Tumetumika na ile mashua msimu mmoja wa upepo, tangu mwezi wa tano mpaka wa nane, wakati upepo wa kusini-mashariki unaamka asubuhi na kuvuma mpaka muchana. Hatuna hadisi kubwa ya kusimulia. Tulilowa, tuliogopa mara mbili tatu, tulirudi. Siku moja wavu ulikamata kweli kweli, na kijana wetu, yule yule wa kusimama, alianza kuinuka. Yule aliyekuwa karibu naye akamushika ku bega: "Kaa, mutoto." Akakaa. Walikata wavu, wakarudi na nusu yake.

Lakini jaribu kubwa halikutoka ku upepo. Mufanya biashara mumoja alikuja na feza ya kweli. Alikuwa na makala upande ule wa ziwa, na barabara ilikuwa mubaya. Akasema: "Mutoshe tu ile banko ya katikati, siku tatu, nitapakia sakosi kumi na tano. Kisha mutaipigilia tena." Feza aliyotaja ilikuwa zaidi ya samaki wa juma mbili, na ilikuwa wakati wa kulipa masomo ya watoto. Tusijifanye watakatifu: wane kati yetu walitaka kukubali.

Tulikaa mukutano usiku ule. Wenye kutaka walisema maneno ya kweli: watoto wanafukuzwa ku masomo, na maji ya siku zile yalikuwa matulivu. Wenye kukataa walisema kuhusu mbavu, na kuhusu sakosi zilizopangwa juu kwa juu. Mwisho mukono ulipanda: watano walikataa, wane walikubali. Mujane alikuwa kati ya wale watano, na yeye pia alikuwa na mutoto aliyefukuzwa. Mufanya biashara alipata mashua ingine. Watoto walikaa nyumbani juma moja, na hakuna aliyefurahi.

Tunaandika hii juu bandugu wengi, ku Nzilo, ku Lufira na ku Moero, wanaingia mu kazi ya maji kama sisi, kisha kutoka ku mine. Wengi wananunua mashua na kupanga ndani yake kama mutu anavyopanga nyumba: hapa pazuri, pale pana nafasi. Musinakili vipimo vyetu. Ziwa la Moero na Tanganyika ni maji mengine kabisa, na mashua yenye motere iko na uzito wake nyuma: motere, esanse na mwenye kuiongoza, wote pamoja, pua inapanda. Kule inaomba kusogeza watu na vyombo mbele.

Lakini kuna vitu munaweza kufanya popote mbele ya kupiga musumari wa kwanza. Mufunge mashua mahali pa maji mafupi. Mutie sakosi za muchanga pahali pa watu, muzisukume kama vile watu watakavyosukumana siku ya kazi, na mupime ukingo. Muulize yule anayefanya kazi nzito kuliko wote atakaa wapi, na mumupange wa kwanza. Muwaite bamama na basani zao. Na banko ya katikati, muikaze na buloni, siyo na misumari tu, ili mwenye kutaka kuitosha usiku mumoja ajue atatumika jasho.

Mwenye kuwa na mpango bora kuliko wetu, atuletee. Mchoro wetu wa makala bado uko ku mbao moja, ndani ya nyumba ya mujane, nyuma ya mulango. Anaonyesha kila mutu anayeuliza.